Milionea wa Kila Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matoleo ya Who Wants to Be a Millionaire?

Mtu akishajua kwamba nafuatilia chemshabongo za televisheni za nchi mbalimbali, haichukui dakika mbili kabla ya kuniuliza kuhusu kipindi hiki kimoja. Maswali yenyewe hujirudia, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Yale ya msingi yako mwanzoni na yale ya wabishi yako mwishoni. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, nimeelekeza tu lilipo.

## Mambo ya msingi

Kipindi hiki kilianzia wapi?

Uingereza. Kilirushwa kwa mara ya kwanza na kituo cha ITV tarehe 4 Septemba 1998, mtangazaji akiwa Chris Tarrant. Waliokibuni ni David Briggs, Steven Knight na Mike Whitehill, na kampuni iliyokitengeneza ni Celador, chini ya Paul Smith. Kilipokuwa bado kwenye makaratasi kiliitwa Cash Mountain, yaani mlima wa pesa. Jina tunalolijua leo limetoka kwenye wimbo wa Cole Porter uliomo katika filamu ya mwaka 1956.

Wengi hudhani ni cha Wamarekani kwa sababu walikiona huko kwanza. Wamarekani walikipata karibu mwaka mzima baadaye, tarehe 16 Agosti 1999, kupitia ABC.

Kwa asiyewahi kukiona, kinachezwaje?

Mshiriki hukaa kwenye kiti kirefu katikati ya ukumbi, uso kwa uso na mtangazaji. Huulizwa maswali 15, kila moja likiwa na majibu manne ya kuchagua, na kila akipatia fedha hupanda. Akikosea huporomoka hadi ngazi salama aliyokwisha kuivuka. Katika toleo la kwanza la Uingereza ngazi hizo zilikuwa pauni 1,000 na pauni 32,000. Anaweza pia kuacha wakati wowote na kuondoka na alichokwisha kukipata, na hata swali huoneshwa kwanza ndipo aamue kama atalijibu.

Ana misaada mitatu, kila mmoja wa kutumika mara moja: kuondolewa majibu mawili ya uongo, kumpigia rafiki simu kwa sekunde 30, na kuuliza hadhira iliyopo ukumbini.

Hilo "toleo la nchi" ni nini hasa? Si kutafsiri maswali tu?

Hapana. Kinachouzwa si vipindi vilivyokwisha kurekodiwa. Kinachouzwa ni muundo: kanuni, muziki, taa, jukwaa, nembo, na mpangilio wa kila dakika ya kipindi. Kituo cha televisheni hununua leseni, hukabidhiwa kitabu kinene cha maelekezo, kisha hutengeneza kipindi chake chenyewe kwa lugha yake, mtangazaji wake na maswali yake.

Celador walikuwa wakali sana katika hilo. Ukichukua picha za ukumbi kutoka nchi tano ukaondoa maandishi, utapata tabu kujua ipi ni ya wapi. Jukwaa lile lilibuniwa na Andy Walmsley. Sakafu yake ni ya plastiki angavu, na chini yake kuna kitu kama sahani kubwa ya vioo, kwa hiyo mshiriki huonekana kama anaelea juu ya shimo. Muziki ni wa Keith Strachan na mwanawe Matthew. Sikiliza kwa makini baada ya swali la tano: ule mlio wa chinichini hupanda nusu sauti kwa kila swali jipya. Sikio halijui kilichobadilika, lakini moyo unajua. Na mlio huo ni ule ule, uwe Warsaw au Mumbai.

Kipo katika nchi ngapi?

Kimewahi kutengenezwa au kuoneshwa katika nchi na maeneo zaidi ya 100. Idadi kamili hutegemea unavyohesabu. India peke yake ina matoleo ya Kihindi, Kitamil, Kitelugu, Kibengali, Kimalayalam, Kikannada, Kimarathi, Kibhojpuri na hata Kikashmiri. Kwa upande mwingine, toleo moja la Kiarabu lilihudumia nchi nzima nzima kutoka Moroko hadi Omani. Ukihesabu lugha unapata jibu moja, ukihesabu bendera unapata jingine.

Nani anakimiliki sasa?

Celador waliuza haki zake kwa kampuni ya Kiholanzi ya 2waytraffic mwaka 2006, na 2waytraffic ikanunuliwa na Sony Pictures mwaka 2008. Kwa hiyo kituo kinachotaka toleo lake leo hubisha hodi Sony.

Kuna kisa hapo katikati. Celador waliishtaki Disney, wamiliki wa ABC, kwamba walinyimwa mgawo wao wa faida ya toleo la Marekani. Mkataba uliwapa nusu ya faida, lakini hesabu za Disney zilionesha kipindi kile hakikuwa na faida yoyote, ingawa kilikuwa kikiongoza kwa watazamaji nchi nzima. Mwaka 2010 baraza la mahakama huko California liliamua Celador walipwe dola milioni 269.2. Disney walikata rufaa wakashindwa.

## Jina na pesa

Kwa nini jina hubadilika kila nchi?

Kwa sababu "milionea" si neno lenye uzito mmoja kila mahali. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote katika historia ya kipindi hiki.

Italia walianza mwaka 2000 na *Chi vuol essere miliardario?*, yaani nani anataka kuwa bilionea, kwa sababu lira milioni moja ilikuwa pesa ya matumizi ya wiki chache. Zawadi ilikuwa lira bilioni moja. Euro ilipoingia, bilionea akashushwa cheo, jina likawa *milionario*. Aliyedhani huo ni unyonge alikosea hesabu: lira bilioni moja zilikuwa sawa na euro 516,000 hivi, na zawadi mpya ikawa euro milioni moja. Kwa hiyo neno lilipungua, fedha zikakaribia kuongezeka maradufu.

Uturuki walikwenda mbali zaidi. Kipindi kiliitwa *Kim 500 Milyar İster?*, nani anataka bilioni 500. Serikali ilipofuta sifuri sita kwenye lira mwezi Januari 2005, jina likafuata: *Kim 500 Bin İster?*, nani anataka laki tano. Thamani ni ile ile, sifuri sita zimekwenda na maji.

Hispania waliandika hesabu yenyewe kwenye jina, *50x15*: peseta milioni 50 kwa maswali 15. Urusi walianza na jina lenye maana ya "Ewe mwenye bahati!" kabla ya kurudi kwenye tafsiri ya kawaida. Hungaria wanamwalika mtazamaji kwa adabu: *Legyen Ön is milliomos!*, nawe pia uwe milionea. Poland hawakuwa na muda wa maswali, wakaandika *Milionerzy*, mamilionea, basi.

Na hilo "Crorepati" la Wahindi lina maana gani?

*Kaun Banega Crorepati* ni "nani atakuwa mwenye crore". Crore moja ni milioni kumi. Jina la kwanza lililopangwa lilikuwa *Kaun Banega Lakhpati*, mwenye lakh, na lakh ni laki hii hii yetu, mia elfu, neno lililovuka bahari na majahazi likabaki pwani hadi leo. Inasimuliwa na waliokuwepo kwamba Rupert Murdoch, mwenye kampuni ya televisheni ya Star, alipoambiwa laki moja ya rupia ni dola ngapi, aliona ni aibu, akaagiza ipandishwe mara mia. Sri Lanka wao walibaki na laki: *Sirasa Lakshapathi*.

Kwa nini zawadi hazilingani?

Kwa sababu kila nchi hulipa kwa fedha yake na kwa uwezo wa soko lake la matangazo. Pauni milioni moja ya Uingereza ni kitu kimoja. Randi milioni moja ya Afrika Kusini mwaka 2000 ilikuwa kama dola 150,000. Riyali milioni moja ya Saudia, iliyokuwa zawadi ya toleo la Kiarabu, ni dola 266,000 na ushee. Vietnam kwa miaka kadhaa zawadi kuu ilikuwa dong milioni 150, ambazo hazifiki hata dola 10,000. Mshindi aliitwa milionea, na kwa dong alikuwa milionea kweli, lakini hata msusi wa Hanoi anashika mamilioni.

Wasomaji wa kwetu wanalielewa hili bila kufafanuliwa. Milioni moja ya Tanzania haikununulii bodaboda mpya. Milioni ya Kenya inanunua kadhaa. Milioni ya Uganda, bora usiulize.

Japani ni tajiri. Mbona walitoa yeni milioni 10 tu?

Ukomo wa zawadi za televisheni. Toleo la Fuji TV, lililorushwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, lilifungwa na kiwango cha juu cha zawadi kilichokuwa kikifuatwa huko, kwa hiyo likakomea yeni milioni 10, chini kidogo ya dola 100,000 wakati ule. Walifidia kwa mtangazaji. Mino Monta alikuwa na kipaji cha kumkodolea mshiriki macho bila kusema neno, kamera ikimsogelea taratibu, jasho likimtoka mshiriki, hadi mtazamaji nyumbani anataka kupiga kelele. Nimeangalia vipande vyake bila kujua Kijapani hata neno moja na nikashika mto kwa mikono miwili.

Pesa za zawadi hutoka wapi?

Uingereza, sehemu kubwa ilitoka kwa watazamaji wenyewe. Kujiandikisha kulifanyika kwa kupiga simu ya gharama ya juu kuliko kawaida, na maelfu kwa maelfu waliopiga ndio waliomlipa mmoja aliyeshinda. Kwingine wadhamini hubeba mzigo, ndiyo maana toleo likimpoteza mdhamini huweza kuzimika hata kama watazamaji bado wapo. Nigeria ni mfano: tazama swali la Afrika huko chini.

Mshindi hukatwa kodi?

Inategemea nchi. Uingereza ushindi wa namna hii haukatwi. Marekani huhesabiwa kama mapato na hutozwa. India sheria inataka asilimia 30 ikatwe, pamoja na nyongeza juu yake, kwa hiyo hundi anayooneshwa mshiriki kwenye kamera si fedha atakayoiona benki.

## Matoleo yanayoulizwa zaidi

Kwa nini la India ndilo maarufu kuliko yote?

Kwa sababu ya mtu mmoja. Kipindi kilianza tarehe 3 Julai 2000 kupitia Star Plus, na aliyekaa kwenye kiti cha mtangazaji alikuwa Amitabh Bachchan. Wakati ule filamu zake zilikuwa zimeyumba, kampuni yake ina madeni, na watu walimshauri asijishushe hadhi kwenda kwenye televisheni. Alikwenda kwanza London kuangalia kipindi cha Tarrant kinavyorekodiwa, akarudi akasema akifanye vile vile au asikifanye kabisa.

Hakikuwa vile vile. Tarrant alikuwa mtani, anayemchokoza mshiriki kama rafiki wa baa. Bachchan aliingia kama baba wa ukoo: anampokea mshiriki kwa heshima, anamvutia kiti, anamsalimia mama yake aliyekaa ukumbini, anaiita kompyuta "Computer ji", kama vile nayo ni mtu mzima wa kuamkiwa. Badala ya kuuliza kama ndilo jibu la mwisho, husema *lock kiya jaye?*, yaani tulifunge? Shah Rukh Khan alishika usukani kwa msimu mmoja mwaka 2007. Alikuwa mcheshi na mchangamfu, lakini watu walitaka mzee wao arudi, akarudi. Mwaka 2010 kipindi kilihamia Sony. Zawadi imepanda kutoka crore 1 hadi crore 7.

Tuliokulia na filamu za Kihindi pwani ya Afrika Mashariki hatukuhitaji kuelezwa Bachchan ni nani. Kilichotushangaza ni kumwona anakaa chini na kumsikiliza mtu.

Toleo la Kiarabu lilitengenezwa wapi?

*Man sa yarbah al-malyoon* la MBC lilianza mwaka 2000 na lilirekodiwa kwanza London, baadaye Paris, kisha Cairo. Mtangazaji alikuwa George Kordahi kutoka Lebanoni. Ugumu wake ulikuwa wa kipekee: washiriki kutoka nchi nyingi, kila mmoja na lahaja yake, na swali linalomfaa Mmisri linaweza kumwacha Mkuwaiti hoi. Kordahi alitumia Kiarabu sanifu chenye madaha, na swali lake *jawab niha'i?*, yaani jibu la mwisho?, likawa msemo wa mitaani. Kwa Waswahili wa Muscat, hili ndilo walilolijua kabla ya lolote jingine.

Ndiyo, ni Kordahi yule yule aliyekuja kuwa waziri wa habari wa Lebanoni mwaka 2021 na kujiuzulu kabla mwaka haujaisha, baada ya maneno yake kuhusu vita vya Yemeni kuwakasirisha Wasaudi.

Ujerumani wamebadilisha nini?

Kidogo, lakini kwa akili. *Wer wird Millionär?* lilianza RTL mwezi Septemba 1999 na mtangazaji ni yule yule tangu siku ya kwanza, Günther Jauch. Mwaka 2007 waliongeza uchaguzi: mshiriki anaweza kuchukua msaada wa nne, wa kuuliza mtu mmoja aliyeko ukumbini, kwa sharti kwamba anaisalimisha ngazi salama ya pili. Akiteleza juu, anaanguka hadi ngazi salama ya kwanza. Kwa maoni yangu haya ndiyo mabadiliko bora zaidi ambayo nchi yoyote imeyafanya, kwa sababu kabla hata ya swali la kwanza unakwisha kujua umekaa na mtu wa aina gani.

Afrika je?

Afrika Kusini walikuwa nalo mapema, tangu 1999 kupitia M-Net, mtangazaji akiwa Jeremy Maggs. Nigeria walianza tarehe 8 Oktoba 2004 na Frank Edoho, zawadi naira milioni 10, mdhamini mkuu akiwa kampuni ya simu ya MTN. Lilidumu miaka zaidi ya kumi likawa sehemu ya jioni za familia, likasimama mwaka 2017 lilipompoteza mdhamini huyo, likarudi mwaka 2022 na zawadi ya naira milioni 20.

Lile shindano la vyuo vikuu la Celtel lilikuwa toleo la hiki?

Hapana, ingawa naulizwa mara nyingi. Celtel Africa Challenge, lililoanza mwaka 2007 na baadaye likaitwa Zain Africa Challenge kampuni hiyo ya simu ilipobadili jina, lilijengwa juu ya muundo mwingine wa Kimarekani, College Bowl, ulioanzia redioni mwaka 1953. Pale timu mbili hushindana na ushindi ni wa anayewahi kubonyeza kengele. Vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania vilishiriki, na sauti iliyouliza maswali ilikuwa ya Mkenya John Sibi-Okumu. Kasi ndiyo iliyokuwa roho ya shindano lile. Kwenye Millionaire, ukishaketi kwenye kiti kile, hukimbizani na mtu.

## Misaada na kanuni

Kwa nini baadhi ya nchi ziliondoa kumpigia rafiki?

Intaneti. Mwaka 1998 rafiki alikuwa mwalimu wako wa historia mwenye kumbukumbu nzuri. Miaka kumi baadaye rafiki alikuwa mtu yeyote mwenye vidole vyepesi na kompyuta mbele yake. Ungeweza kusikia kibodi ikilia kwenye simu. Marekani waliufuta msaada huo Januari 2010. Uingereza, kipindi kiliporudi mwaka 2018 kikiwa na Jeremy Clarkson, waliuacha ila wakamweka mtu wa kipindi akae pamoja na huyo rafiki. India waligeuza simu kuwa ya video, ili uso uonekane.

Kuna misaada gani mingine?

Kubadilishiwa swali, kuruhusiwa kujibu mara mbili, kuuliza mtaalamu, kuleta mwenzi akae karibu nawe, na huko Uingereza sasa, kumuuliza mtangazaji mwenyewe, ambaye mara nyingi hajui. Kuhusu ule wa Ujerumani tazama juu.

Marekani waliweka pia saa mwaka 2008: sekunde 15 kwa maswali ya mwanzo, 30 kwa ya kati, 45 kwa ya juu. Sikuipenda. Ukimwekea mtu saa, unamnyima mtazamaji ule muda wa kumtazama akiwaza.

Hadhira huaminika?

Kwa maswali mepesi, sana. Lakini Wafaransa wana kisa chao. Katika *Qui veut gagner des millions?* mshiriki aliulizwa ni kipi kinachoizunguka dunia: mwezi, jua, Mirihi au Zuhura. Akasita, akauliza hadhira. Zaidi ya nusu walibonyeza jua. Akawaza, akawaamini, akaondoka. Kipande hicho kimezunguka mtandaoni zaidi ya mwezi wenyewe, na wapo wanaoamini hadhira ilifanya makusudi, kwamba mtu asiyejua hilo hastahili kusaidiwa. Mimi nawaonea huruma wote.

Maswali ni yale yale nchi zote?

Hapana. Kila nchi ina waandishi wake, maana swali rahisi la Delhi ni swali la milioni kule Oslo. Kinachofanana ni ngazi ya ugumu: ya mwanzo huwa karibu mzaha, kisha mambo hukaza. Swali lililompa Judith Keppel pauni milioni moja Novemba 2000, wa kwanza Uingereza, lilikuwa la mfalme aliyemwoa Eleanor wa Aquitaine. Jibu ni Henry II. Mjerumani wa kwanza, profesa wa historia Eckhard Freise, alipata ya kwake wiki chache baadaye kwa kujua ni nani aliyepanda Everest pamoja na Edmund Hillary mwaka 1953.

Ile "jibu lako la mwisho?" ni lazima?

Ni kanuni kabla ya kuwa mbwembwe. Mshiriki huwaza kwa sauti: "Nadhani ni B… au hapana, B…" Bila swali lile, mtangazaji hawezi kujua wapi mawazo yameisha na jibu limeanza, na pesa zikishapotea kesi haitaisha. Kwa hiyo kila lugha ilibidi itafute namna yake ya kufunga mlango, na ndiyo maneno ambayo watu huondoka nayo.

Hot Seat ni kitu gani?

Ni tawi lililoanzia Norway mwaka 2008. Washiriki sita hupokezana kiti kimoja, kila swali lina saa, na mmoja tu ndiye huondoka na chochote. Limesambaa hadi Italia, Australia, Vietnam na kwingine. Tahadhari kwa atakayepewa kazi ya kulitafsiri kwa Kiswahili: "Kiti Moto" litajaza ukumbi Dar es Salaam, lakini watu watakuja na ndizi na pilipili wakitarajia nyama ya nguruwe.

## Visa, filamu na maswali ya wabishi

Nani alikuwa wa kwanza duniani kufika juu?

John Carpenter, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi ya kodi, tarehe 19 Novemba 1999. Hakutumia msaada wowote hadi swali la mwisho. Pale akaomba kumpigia baba yake. Simu ilipopokelewa akamwambia hahitaji msaada, alitaka tu kumjulisha kwamba anakwenda kushinda milioni. Akakata, akajibu Richard Nixon, akashinda. Hakuna mwandishi wa filamu angethubutu.

Ni kweli mtu alishinda kwa kikohozi?

Alishinda, lakini hakulipwa. Septemba 2001 meja wa jeshi la Uingereza, Charles Ingram, alifika pauni milioni moja kwa swali la namba yenye moja na sifuri mia moja, ambayo huitwa googol. Waliokuwa wakirekodi waligundua kwamba alipokuwa akitamka majibu moja baada ya jingine, kikohozi kilisikika kwenye lile la kweli. Aliyekohoa alikuwa mshiriki mwenzake aliyekuwa akingoja zamu, Tecwen Whittock. Mwaka 2003 mahakama iliwatia hatiani Ingram, mkewe Diana na Whittock. Walipewa vifungo vya nje, na hundi ilisimamishwa. Wamekana hadi leo.

Slumdog Millionaire ni kisa cha kweli?

Hapana. Filamu ya Danny Boyle ya mwaka 2008, iliyochukua Oscar nane, inatokana na riwaya ya Mhindi Vikas Swarup. Lakini uhalisia uliifuata nyuma. Mwaka 2011 Sushil Kumar, kijana wa Bihar aliyekuwa akiendesha kompyuta kwa mshahara wa rupia 6,000 hivi kwa mwezi, alishinda crore 5. Miaka baadaye aliandika mwenyewe kwamba umaarufu ulimpeleka pabaya: watu wa misaada ya uongo, sigara, pombe, ugomvi nyumbani. Akaja kutulia kwenye ualimu. Filamu iliishia kwenye ngoma stesheni ya treni.

Wakati wa korona walifanyaje bila hadhira?

India waliweka simu ya video mahali pa hadhira. Uingereza walimpa mshiriki rafiki wa pili wa kumpigia. Ukumbi mtupu ulikuwa wa ajabu, lakini Septemba 2020 ndipo mwalimu wa historia Donald Fear alipochukua milioni, ya kwanza Uingereza baada ya miaka 14, akiwa ametumia msaada mmoja tu. Swali lilikuwa la haramia aliyeuawa mwaka 1718 pwani ya North Carolina. Alikuwa analijua mno kiasi cha kukosa hata kujifanya anawaza.

Naweza kuandaa la kwetu shuleni au kwenye sherehe?

Kwa kujifurahisha bila kiingilio wala kurusha hewani, hakuna atakayekufuata Kibaigwa. Ukianza kuuza tiketi, kutafuta mdhamini au kupandisha video, jina, nembo na muziki ni mali ya watu na hapo unahitaji leseni. Wazo la kuuliza maswali na kupandisha zawadi si mali ya mtu, kwa hiyo tunga jina lako na mlio wako.

Nilishaongoza moja kwenye mahafali. Zawadi kuu ilikuwa debe la mchele na kuku wawili, waliofungwa miguu chini ya meza. Msaada wa simu uligoma kwa kukosa salio. Msaada wa hadhira ulikuwa kunyosha mikono, na shangazi mmoja alinyosha yote miwili. Swali la mwisho nikamuuliza binti aliyekuwa amebaki, "Hilo ndilo jibu lako la mwisho?" Akanyamaza. Ukumbi ukanyamaza. Jogoo mmoja akawika chini ya meza, na yule binti akabadilisha jibu.